Maji ya Miji Miwili

Nyumba za Kiwanda, 6 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nakuamkia mimi, anakuamkia mkweo, na mama amesema nikuandikie hivi hivi alivyotamka: "Mwambie mdogo wangu magoti yamegoma, lakini mdomo bado uko kazini." Chiriku naye, nilipomwonyesha bahasha, alifunga sanduku hewani. Sidhani nimewahi kukueleza. Hiyo ndiyo ishara yako katika nyumba hii: goti linakandamiza kifuniko, halafu vidole gumba viwili vinabofya komeo, huku na huku. Mama ndiye aliyekupa. Mtoto hajawahi kukuona, ila akitaka kukutaja anafunga sanduku.

Kwa upande wetu uzima upo, mambo ndiyo hayapo. Kiwanda kimefungwa. Asubuhi ya kwanza king'ora hakikulia, na watu wakaenda kazini vivyo hivyo kwa mazoea, wakasimama getini wakitazamana. Mume wangu alirudi na chakula chake cha mchana kama kilivyokuwa. Akangoja hadi wakati wa mapumziko ya kazi, ndipo akakifungua na kukila mezani, amevaa sare yake ya fundi wa boila, lile tangi la mvuke.

Nyumba hizi ni za kampuni, na tumeambiwa tuwe tumeziacha kabla ya mwaka kwisha. Simu ya ofisi imekatwa, ndiyo maana narudia kalamu. Kila mtu hapa anakwenda ama mji wa mto ama mji wa reli, na wanaume wamegawanyika kama washabiki wa mpira. Wa reli wanasema watu wa mto ni wavivu, hata jua wanangoja liwafuate kitandani. Wa mto wanasema watu wa reli hulala wamesimama ili wasichelewe kuamka. Na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika huko wala huko.

Mume wangu anataka reli. Dada yake, wifi yangu, ana vyumba viwili, na karakana ya treni inachukua mafundi wa boila. Mimi nataka mto kwa sababu uko wewe. Nilipomwambia hivyo alisema, "Mjomba wako tunampenda, ila ana mlango wa ziada?" Unao?

Lakini kiini cha barua ni Chiriku. Daktari amesema shule za watoto wasiosikia ziko mbili tu, moja katika kila mji, na mtoto akishavuka miaka tisa hazimpokei. Chiriku atafika huko mwakani. Hapa nyumbani hana shida. Yeye na mama wanazungumza kwa mikono kutwa nzima, wanasengenya majirani, wanacheka hadi mama anashika mbavu. Mimi huokota moja moja, mengine mama hunitafsiria. Lakini mama hatakuwepo milele, na dunia haina mama wengine wa aina yake.

Tafadhali nenda ukaione hiyo shule ya kwenu, uniambie.

Mpwa wako,
Mama Chiriku


Mji wa mto, 3 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Bahasha yako ilifika imeloa pembe moja, lakini mwandiko wako umenyooka kama siku zote. Mwambie dada nilicheka peke yangu hadi mjalidi, yule bwana anayeshona vitabu hapa chini, akapanda kuuliza kama naumwa. Mpe mumeo pole. Mtu akinyang'anywa king'ora hapotezi kazi tu, anapoteza na saa.

Mimi ni mzima wa kiasi changu. Macho yaliyosoma prufu, zile kurasa za majaribio za vitabu vya watu wengine kabla ya kuchapwa, sasa yananiomba ruhusa kabla ya kusoma hata bango. Mto umejaa hadi ngazi za soko, na wenyeji wanajisifia hata tope lake. Muuza magazeti wa kona yetu, niliyemjua hana ndevu, bado ananiuliza, "Mzee, kwenu utarudi lini?" Nami humjibu, "Ukishalipa magazeti yote uliyonipunja kurasa." Ndiyo urafiki wetu.

Shule nimeiona. Iko nyuma ya kiwanda cha sabuni, uani kuna miti michache na bomba moja. Mwalimu wa wadogo mwenyewe hasikii. Watoto humwita kwa kuzungushia jicho duara la vidole, kwa hiyo nami namwita Miwani. Mwalimu mkuu anasikia, na alitufanyia ukalimani.

Nilimwuliza Miwani mtoto anapokelewaje. Akasema, "Tunamwacha uani na wenzake asubuhi nzima. Sisi tunatazama dirishani."

"Mnatazama nini? Akili?"

"Akili wote wanazo, mzee. Tunatazama kama anauliza, na kama akiulizwa anajibu."

Nikauliza kama tuanze kumfundisha ishara zao huko nyumbani. Alisema si lazima. Lakini mimi nimeishi na wachapaji, najua prufu safi hupita haraka. Kwa hiyo nilikaa nyuma ya darasa nikaandika. Leo nakutumia chache.

Maji: kiganja kimelala mbele ya kitovu, vidole vinacheza kama mkondo. Mama: ncha ya kidole cha shahada kwenye kidevu, mara moja. Njoo: mkono chini karibu na nyonga, unavuta kama anayekokota kamba majini. Utaona kwamba ishara za mji huu zote hukaa chini, kiunoni, hazina haraka. Ni watu wa mto hasa.

Ili kutenda haki nitakwenda pia mji wa reli kuona shule yao. Mjalidi akisikia nimekanyaga huko atanifanyia matanga nikiwa hai.

Mjomba wako


Nyumba za Kiwanda, 2 Aprili

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Tuko salama. Mama anasema umenenepa, anasikia kwenye mwandiko. Majirani wa pande zote mbili wameshahama, kwa hiyo sauti ya kijiko chetu inasikika nyumba nzima.

Ishara tumezijaribu. Mimi nilisoma, mama akafanya, Chiriku akatutazama kama watu waliopatwa na jambo. Mama anayo yake ya maji: vidole viwili vinagusa koo na kushuka. Chiriku alimwonyesha hiyo, polepole, kama anayemsaidia mtu aliyesahau. Ilituchukua siku nyingi kumweleza kwamba kuna maji mengine mjini.

Nilimwuliza mama alizibuni vipi hizi za kwake. Akasema, "Si zangu peke yangu. Muulize mjomba wako." Haya, nakuuliza.

Sasa balaa. Mume wangu alimkuta Chiriku akivuta ile kamba ya majini, akaniambia, "Usimtie mtoto mto kichwani kabla hatujaamua." Nikamwambia asiyeamua ni yeye tu. Akasema wifi ameshatandika kitanda cha pili. Nikasema Mjomba ameshakwenda shule. Tukakaa, kila mtu na mji wake, chakula kikapoa.

Kwa hiyo nakuomba ukifika reli uandike na za huko. Zote mbili zikae tayari, asije akasema nimemfungia mlango. Na lile swali langu la mlango wa ziada, Mjomba, huenda lilikupita.

Mpwa wako,
Mama Chiriku


Mji wa mto, 30 Aprili

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Nimetoka reli, nimerudi na mafua na heshima kidogo. Ndani ya behewa nilikaa na fundi viatu wa huko. Alipotambua natoka wapi alisema, "Nyie wa mto mnatembea kama mnabeba mayai." Nikamwambia mimi si wa mto, nimekaa tu. Akauliza, "Umekaa muda gani?" Nilipomjibu, aliniangalia kwa huruma akasema, "Sasa mzee, kama wao si watu wako, na sisi si watu wako, wako ni wapi?" Nikajifanya nasinzia.

Mji wao ni mkubwa kuliko huu, ingawa siku nikilisema hilo hapa nitatafuta pa kulala. Nyumba ya wifi yako nimeipita. Ina ngazi safi na dirisha linaloangalia karakana. Mumeo hakosei kuhusu nyumba hiyo.

Shule yao ni ya ghorofa. Mwalimu aliyenipokea ni mama mrefu anayesikia kwa sikio moja. Nilipomwambia nimeona ishara za mto alicheka, akashusha mikono kiunoni akaisugua. "Wale wanazungumza kama wanaosha vyombo." Nilipomsimulia Miwani baadaye, alipandisha mikono juu ya mabega akaipungapunga: wale wanafukuza nzi. Unaona, hata wasiosikia wamesikia ugomvi wa miji hii.

Na kweli ishara za reli zote ni za juu. Maji: ngumi juu ya bega, inashuka kwa mkupuo mmoja kama bomba lililofunguliwa. Mama: kiganja kinapiga bega la kushoto. Njoo: mkono juu ya kichwa, kama anayesimamisha treni. Nimeandika nyingi, ziko kwenye karatasi ya pili, na za mto nimeziongeza kwenye ya tatu. Mfundishe zote. Mwenye lugha mbili ana nyumba mbili.

Jambo moja la kazi. Mtoto atakuwa na maji ya mto, maji ya reli, na maji ya dada. Ukurasa wenye masahihisho ya mikono mitatu hauchapiki. Anayepanga herufi huchanganyikiwa, akaacha yote. Wanaojua wanasema ishara za nyumbani huziba njia. Mwombe dada, kwa upole sana, aipumzishe mikono yake hadi mtoto apate shule. Ni miezi michache. Mwambie ni mimi ninayeomba.

Mengine tutaongea.

Mjomba wako


Nyumba za Kiwanda, 11 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Sisi tupo. Umeme wa nyumba hizi sasa huja ukipenda.

Nilimwambia mama. Nilitegemea ateme moto, unamjua dada yako. Aliuliza tu, "Amesema yeye mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Basi akaenda kuketi kwenye kiti chake, akaisukuma mikono chini ya mapaja, akaikalia. Anasema asipoikalia inajisemea yenyewe.

Siku za mwanzo Chiriku alikuwa anaivuta. Anashika kifundo cha mkono, anavuta, mama anatikisa kichwa. Alimletea maji. Alimletea sega. Akalala chini akaangalia kama kuna kitu kimeibana. Baadaye akaacha.

Lakini anajifunza, Mjomba, huwezi kuamini. Karatasi zako zote ameshazimaliza. Jana alifanya maji kwa mikono miwili pamoja, wa kushoto kiunoni, wa kulia begani, kila mmoja na mji wake. Mume wangu alicheka kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kifungwe. "Huyu anaongoza magari," akasema. Nilifurahi nikatamani uone.

Narudia kuuliza, na usinione msumbufu. Tukija mto, kuna pa kufikia?

Mpwa wako,
Mama Chiriku


Mji wa mto, 19 Julai

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Mto umepungua, na vitu vilivyopotea tangu mafuriko vimeanza kuonekana kwenye tope: kiti, baiskeli, mlango mzima na kitasa chake. Watu wanasimama darajani wakibishana ulikuwa wa nani.

Mjalidi amepata kazi kubwa ya kushona vitabu vya sala, na mimi namsomea kurasa zisije zikapinduka. Hilo ndilo linaloniweka hapa. Chumba hiki ni stoo yake ya karatasi. Kitanda changu kimepakana na marobota, na wageni hawaruhusiwi kwa sababu ya moto. Sikuliandika mapema kwa kuwa halikuwa na sentensi nzuri.

Kwa hiyo mumeo alikuwa na haki. Nendeni reli. Nimeshamwandikia yule mama mrefu kwamba mtakuja, na amejibu mumlete mtoto Desemba.

Chiriku na maji yake mawili nimemwona kama nilikuwepo. Lakini barua yako haikuwa na salamu za dada, na hajawahi kunikosesha. Kama amenikasirikia, mwambie aniandikie matusi, nitayasoma kwa furaha.

Mjomba wako


Nyumba za Kiwanda, 30 Agosti

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Kaa chini kabla hujaendelea.

Mama ametutoka. Ilikuwa katikati ya Julai. Nilituma ujumbe kwa dereva wa lori aliyekuwa anapita mji wa mto, na kwa barua yako naona hakukupata. Hakuugua kwa maana ya kuugua. Alipungua tu, kama taa inayonyimwa mafuta. Asubuhi moja nilimkuta kwenye kiti chake, na mikono iko pale pale chini ya mapaja. Mume wangu ndiye aliyeitoa. Tumemzika karibu na baba, na sasa tutawaacha wote wawili na kiwanda kisicho na mlinzi.

Hakuwa amekukasirikia. Nakuandikia hilo kwa sababu umeuliza.

Tulipokwisha kumfukia, Chiriku alisogea kaburini, akafanya kitu kwa mikono. Hakikuwa cha mto wala cha reli. Aliweka kiganja kwenye kifua chake mwenyewe, akakisugua kama anayefuta doa, halafu akakigeuza kuelekea alipolala mama, nyusi zimepanda juu. Akangoja. Akarudia. Akanigeukia akafanya tena, kwangu. Nilijua ni swali kwa sababu ya nyusi. Sikujua ni swali gani. Watu walikuwa wanatutazama. Nikampa maji.

Mjomba, sikuwahi kujifunza. Mama alikuwepo siku zote, nilikuwa namwuliza tu, "Anasemaje?"

Tangu siku hiyo hajaniuliza kitu tena. Ukimwambia afanye maji anafanya, ya mji wowote unaotaka.

Kama unajua ile ishara, niambie.

Mpwa wako


Mji wa mto, 14 Oktoba

Mpwa wangu,

Nimeipata barua yako. Mungu ampokee dada yangu.

Mjalidi alifunga duka akakaa nami, hakusema lolote kuhusu reli wala mto.

Andika kila ishara yake unayoikumbuka, hata nusu, unitumie. Kuhusu ile uliyoniuliza, sina hakika. Acha nifikiri.

Msafiri salama.

Mjomba wako


Mji wa reli, 20 Desemba

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Tumeshafika, tuko kwa wifi. Anatutunza vizuri na kutukumbusha kwamba anatutunza. Mume wangu ameanza karakana. Treni zinapita chini ya dirisha, na Chiriku huweka kiganja kwenye kioo zinapokitetemesha. Hicho ndicho anachokipenda hapa.

Ishara za mama nilizokumbuka ni hizi: maji, lala, moto, jirani mbaya, na wewe. Hazizidi hapo. Nimekaa mezani na kalamu mara nyingi, zinakuja hizo hizo.

Nilimpeleka shule. Walimwacha uani na wenzake, nami nikasimama dirishani na yule mama mrefu. Watoto walimzunguka. Mmoja akamwuliza jina, akajibu kwa mikono ya chini. Wakacheka. Mmoja akaanza kusugua sahani isiyokuwepo, wote wakasugua. Chiriku akapandisha mikono, akafanya za huku, nazo zikatoka vizuri, Mjomba, zote, moja baada ya nyingine kama anasoma karatasi zako: maji, mama, njoo, treni, mkate. Wakamngoja amalize. Alipomaliza, msichana mmoja akamwuliza kitu kingine, kwa upole tu, hakuwa anadhihaki. Chiriku alikwenda kwenye benchi, akaiweka mikono chini ya mapaja, akaikalia. Alikaa hivyo hadi kengele ya taa ilipowaka.

Mama mrefu hakuwa mkali. Alisema, "Huyu ana maneno ya watu wawili, lakini hazungumzi. Kabla ya hapo alikuwa anazungumza na nani?"

"Na bibi yake. Kwa ishara za nyumbani."

"Basi mleteni bibi. Tutaanzia hapo alipo, ndivyo tunavyofanya kwa wote."

Nikamwambia bibi amekufa, na kwamba tulikuwa tumeshamzuia kwa sababu ishara zake zinaziba njia. Akauliza, "Nani aliwaambia hivyo?"

Nilisema ni wao, walimu. Akasema katika shule hii hakuna mtu aliyewahi kusema hivyo, na haamini kwamba kule mto yupo, ingawa kwa wale lolote linawezekana. Hata hapo alijaribu kunichekesha.

Hawakumpokea. Darasa la wadogo limekaribia kujaa, na nafasi zilizobaki watapewa watoto wanaojibu. Mwakani atakuwa amevuka umri. Akanishauri nijaribu mto. Mume wangu aliposikia alisema, "Mto tena?" akaenda kazini.

Mjomba, ni nani waliokwambia? Na ile ishara ya kaburini, umeshafikiri?

Mpwa wako,
Mama Chiriku


Mji wa mto, 17 Januari

Mpwa wangu,

Marahaba.

Nilikwenda kwa Miwani na barua yako mkononi. Aliisoma yote. Darasa lao nalo lilifunga milango kwa wapya Novemba. Aliandika kwenye ubao mdogo anaotumia na sisi tunaosikia: "Angekuja na bibi, ningempa hata kiti changu." Halafu akafuta.

Wale niliowaita wanaojua ni mimi. Hakuna mwingine aliyesema. Nilisoma ishara za dada kama nilivyosoma prufu, nikaona mwandiko wa tatu ukingoni mwa ukurasa, nikaukata.

Na ule mwandiko niliujua. Mama yetu, bibi yako ambaye hukumkuta, alipoteza masikio kwa homa kabla sijaanza shule. Dada alitunga ishara, mimi nikamfuata, tukakua nazo. Hadi naondoka nyumbani nilikuwa naota ndoto kwa mikono. Halafu nikafika huku, ambako hapakuwa na mtu wa kumfanyia, nikajifunza kuandika kwa lugha ya vitabu vya watu, nikaona kila kisichochapwa ni cha jikoni. Ulipouliza dada alizipata wapi, nilinyamaza kwa sababu hiyo. Nimekaa mbele ya kioo cha mjalidi wiki hizi nikizitafuta. Ninazo chache kuliko wewe. Jirani mbaya nilikuwa nimemsahau kabisa.

Ile ya kaburini ninayo. Niliijua Oktoba, nikiwa bado nimesimama mlangoni na barua. Tuliifanya kwa mama yetu kila tulipovunja chombo au kuchelewa kurudi. Doa kifuani, halafu kiganja kinamgeukia yeye, nyusi juu. Maana yake: bado umenikasirikia?

Dada alipoikalia mikono yake mtoto hakujua ni agizo langu. Alidhani amekosa. Akangoja asamehewe, na yule wa kumsamehe akazikwa. Kisha akakuuliza wewe.

Jibu lake mama yetu alilifanya hivi. Unaweka kiganja chako juu ya kifua cha mtoto, si chako, pale pale penye doa. Unakituliza, usisugue. Halafu unakiondoa, unakipulizia mara moja, kama anayepuliza vumbi. Maana yake: lilishakwenda.

Mfanyie. Sijui kama litakubali kutoka kwako baada ya muda wote huu. Mimi siwezi kuja kulifanya. Daktari wa macho amenikataza safari, na hata angeniruhusu, mimi kwake ni sanduku tu.

Mjomba wako


Mji wa reli, 9 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Hapa wazima. Wifi ana mafua.

Nilifanya kama ulivyoandika. Tulikuwa tumekaa kitandani, treni ya asubuhi imeshapita. Niliweka kiganja kifuani pake, nikakituliza, nikapuliza. Nilifanya tena, nikiogopa nimekosea.

Alinitazama. Nyusi hazikupanda. Kisha akaishika mikono yangu, mmoja baada ya mwingine, akaisukuma chini ya mapaja yangu, kama ilivyokuwa ya mama, akahakikisha imekaa. Akasogea karibu nami, akaikalia na yake.

Tulikaa hivyo hadi mume wangu aliporudi.

Mpwa wako